Mbio za Pembeni za Tavion

Kila jioni shule ilipofungwa, Tavion Pruitt aliteremka Mtaa wa Foundry mbio, begi likimgonga mgongoni. Wazee waliokuwa kwa kinyozi walimpigia kelele kupitia dirishani, "Kaza mwendo, kijana! Kengele inakungoja!" Naye aliwapungia mkono bila kupunguza kasi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na katika mji wetu wa Harlow Ferry hakukuwa na mtoto aliyewahi kumfikia akishachomoka.

Kengele waliyoisema ilikuwa ya kiwanda cha chuma kilichofungwa zamani. Kila vuli timu ya shule yetu hupambana na timu ya Cutler's Bend, mji wa ng'ambo ya mto, katika mpira wetu wa Kimarekani, ule wenye umbo la yai unaobebwa kwapani. Anayeshinda hukaa na kengele mwaka mzima. Kwa miaka sita ilikuwa kwao, na kila Jumamosi asubuhi waliigonga kwa makusudi tukiwa tunakunywa kahawa. Hakuna sauti iliyotuudhi kama ile.

Tavion ndiye aliyekuwa mbebaji wa mpira. Tangu udogoni alikuwa na ujanja mmoja tu: akipewa mpira, alikata kwenda pembeni, akawazunguka walinzi wote, kisha akapaa hadi mwisho wa uwanja. Lakini mwaka huo aliingia darasa la nane, na walinzi wa darasa la nane nao walikuwa na miguu. Kila alipokata kwenda pembeni walimwahi na kumfungia njia. Akizidi kusogea, alitoka nje ya mstari. Mara nyingi aliangushwa nyuma ya pale alipoanzia. Tulipoteza mechi mbili mfululizo, na mechi ya kengele ikawa imebaki wiki moja.

"Shida ni Augie," Tavion aliwaambia wenzake wakati wa chakula cha mchana. "Si kazi yake ni kunifungulia njia? Sasa bonge lile litanifungulia njia saa ngapi? Mpaka lifike, watu wameshaenda kulala!"

Meza nzima ikaangua kicheko. August Hrabik, ambaye sote tulimwita Augie, alikuwa ameketi meza ya pili na sahani yake ya viazi. Alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa akaendelea kula, ingawa hamu yote ilikuwa imemtoka.

Kocha Ruzicka naye alisikia. Huyu alikuwa mwalimu wa michezo, mama wa makamo mwenye sauti ya king'ora. Jioni mazoezini akamrushia Augie mpira.

"Leo Augie anabeba. Tavion, wewe utamfungulia njia."

"Mimi, Kocha?"

"Kuna Tavion mwingine hapa?"

Wavulana wakacheka. Tavion alichuchumaa katikati ya wale mabonge wa mstari wa mbele, mahali pa Augie. Mpira ulipoanza, ilimbidi ageuke, akimbie kwa upande nyuma ya wenzake, kisha apinde na kumkumba mlinzi wa pembeni kabla hajamfikia mbebaji. Alifika mapema, akamsukuma mlinzi yule kando. Augie akaja nyuma yake akihema, akapita kwenye uwazi, akaenda yadi ishirini nzima kabla ya kuangushwa. Watoto walipiga mayowe mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Wakarudia, na Augie akapita tena.

"Haya, nieleze," Kocha alisema. "Mwepesi wa timu nzima akienda pembeni anapata hasara. Mzito wa timu nzima amekwenda yadi ishirini. Imekuwaje?"

Tavion alitazama viatu vyake. "Kwa sababu mimi nilifika kabla yake."

"Na wewe ukibeba?"

Angeweza kusema lolote, na wenzake wangemwamini. "Nikibeba, nampita Augie kabla hajafika. Augie si mvivu, Kocha. Mimi ndiye nisiyemngoja."

"Sawasawa. Sasa nikuulize. Jumapili unawatazama wachezaji wa kulipwa kwenye televisheni. Umewaona mara ngapi wakizunguka pembeni kabisa?"

"Mara chache sana."

"Uwanja wao una upana uleule wa huu wetu, lakini watu wake ni majitu, na kila jitu lina mbio. Ukikimbia kwa upande, hujasogea mbele hata hatua moja, na wao wanakujia. Mfungua njia mmoja tu akichelewa, umerudishwa nyuma yadi tano. Na timu ina nafasi nne tu za kusogeza mpira yadi kumi, kwa hiyo moja imeteketea bure. Ndiyo maana wanapita katikati, penye maumivu, kidogokidogo. Pembeni wanapaweka akiba mpaka walinzi wapasahau."

Mazoezi yalipokwisha, Tavion alimfuata Augie hadi getini.

"Augie, nilikusema vibaya mbele ya watu. Na haikuwa kweli."

"Najua. Nilikuwepo."

"Nisamehe, bwana."

Augie alisimama, akamgeukia. "Kesho ukaseme mbele ya watu walewale. Halafu unanipa keki yako."

"Yote?"

"Yote! Unadhani bonge analipwa nusu?"

Kesho yake Tavion alisimama kwenye ukumbi wa chakula, masikio yakimwaka moto, akasema. Kisha akaipeleka keki. Tangu siku hiyo wale wawili walibaki uwanjani baada ya wenzao kuondoka, Augie akifanya mazoezi ya kugeuka haraka, Tavion akimfuata kwa nyuma. Kocha aliwapa sharti moja: Tavion aweke kiganja mgongoni mwa Augie. Mkono ukiwa mgongoni, hujamtangulia.

Jumamosi ya mechi ilikuwa ya baridi kali, na kengele ilikuwa juu ya toroli kando ya uwanja. Watu wa Cutler's Bend walikuja na midomo yao. "Tavion! Njoo huku pembeni, tumekutandikia kitanda!"

Hakwenda. Alipita katikati akapata yadi tatu. Akapita tena akapata mbili, akainuka na matope puani.

"Mbona huji? Umetuogopa?"

Sisi wenyewe, nakiri, tulianza kunung'unika. Mtoto ana mbio kama zile, kwa nini anasukumana na mabonge? Lakini Kocha hakuyumba, na Tavion alizidi kujipenyeza katikati, yadi tatu, yadi nne, akimeza matusi yao. Hadi dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne, na kufikisha mpira mwisho wa uwanja ni pointi sita, lakini tulikuwa tumebakiwa na nafasi moja tu. Walinzi wao wote walikuwa wamejazana katikati wakimngoja.

Hapo Kocha Ruzicka akavua kofia yake ya sufi. Ndiyo iliyokuwa ishara ya kwenda pembeni.

Tavion alipokea mpira, akageukia pembeni. Miguu ilimwasha kutoka. Akaweka kiganja mgongoni mwa Augie, akavumilia. Mlinzi wao wa pembeni alikuja kasi, na Augie akapinda, akamkumba kifuani mpaka wote wawili wakaanguka matopeni.

"Nenda!" Augie alipiga kelele akiwa chini.

Akaenda! Lo, alikwenda kama anavyoteremka Mtaa wa Foundry, na hakuna mkono uliomgusa hadi mwisho wa uwanja. Sikumbuki kofia yangu niliirusha wapi. Wazee wa kwa kinyozi walikumbatiana wakilia kama watoto, nami nililia nao.

Kwa desturi yetu, aliyefunga ndiye huvuta kamba ya kengele kwanza. Tavion aliishika, kisha akaangaza macho huku na huku. "Augie yuko wapi? Njoo uvute wewe. Mimi nimepita tu pale ulipopasafisha." Augie akavuta kwa nguvu zake zote, na kengele ikalia mpaka madirisha yakatetemeka.

Kocha Ruzicka aliwashika mabega wote wawili. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wanangu. Kuna siku utakutana na watu wenye mbio kama zako, na siku hiyo mbio peke yake hazitakusaidia. Kitakachokufikisha ni jasho lako, na yule unayekubali kumngoja. Na ukikosa, kosa ulibebe mwenyewe, usimtwishe mwenzako."

Jumamosi iliyofuata tuliamka mapema, tukaweka kahawa mezani, tukafungua madirisha ingawa nje kulikuwa na theluji. Tavion na Augie wakaishika kamba pamoja, wakaigonga kengele kuelekea ng'ambo ya mto.