Majina Yaliyoachwa Nje ya Insha

Mwaka 1998 Burhani na mkewe Kazija, wafanyabiashara kutoka Unguja, walipanga nyumba Sanyuanli, mjini Guangzhou, China. Asubuhi Burhani alinunua viatu vya jumla katika soko la Liuhua. Jioni walifunga marobota. Binti yao Nahla, wa miaka kumi na tatu, alisoma shule ya Kiingereza.

Jioni moja Nahla alikaa mezani, kalamu mkononi, haandiki.

"Insha imekushinda?" Kazija aliuliza.

"Tunaandika juu ya mwanzilishi wa taifa. Nimemchagua George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Ijumaa nitasoma mbele ya wazazi. Lakini Mama, kitabu kinasema alimiliki watumwa."

Burhani aliacha kamba. "Hilo liache. Andika alivyopigania uhuru."

"Si nitakuwa nimedanganya, Baba?"

"Nimesema liache!"

Machozi yakamlengalenga Nahla. Kazija akashuka ghorofa ya chini kumwita jirani yao Jacinta. Kabla ya kuanza biashara ya nguo, Jacinta alifundisha historia Tabora miaka mingi.

"Shikamoo, Mwalimu," Nahla alisema.

"Marahaba." Jacinta alisoma kitabu polepole. "Baba Nahla, haya ni kweli. Aliongoza vita vya kuikomboa nchi yake. Na alimiliki watu. Katika wasia aliagiza watumwa wake waachwe huru, lakini si kabla ya mkewe kufa."

"Zama zile watu waliishi hivyo," Burhani alisema.

"Wote? Wapo waliopinga hata wakati ule. Na watumwa wenyewe, zama zile hazikuwa zao?"

Burhani alikaza fundo la robota.

"Sasa tumtukane?" Kazija aliuliza.

"Hapana. Tuseme yote aliyofanya. Jema tuliite jema, ovu tuliite ovu. Moja lisifute jingine. Na tuwataje walioumizwa. Nahla, kuna jina humo?"

"Lipo la mwanamke mtumwa, Ona Judge. Alimtumikia mke wa Washington. Alitoroka mwaka 1796. Walimtafuta, hakurudi."

"Mwandike naye."

Burhani aliketi juu ya robota. "Mwalimu, babu wa babu yangu alikuwa na shamba la karafuu. Kwetu tunamsifu kwa kujenga msikiti. Waliochuma karafuu walikuwa watumwa. Hilo hatulisemi. Niliogopa Nahla akianza na Marekani, atafika na kwetu."

Jacinta alikifunga kitabu. "Bibi wa bibi yangu alikamatwa Tabora akapelekwa pwani. Hatujui alikofia."

"Unisamehe, Mwalimu."

"Hukumkamata wewe, Baba Nahla. Ila usimfiche."

Ijumaa Nahla alisoma insha yote. Mzazi mmoja akauliza, "Basi alikuwa mtu mwema au mbaya?"

Nahla akajibu, "Alipigania uhuru, na akawanyima uhuru watu wa nyumbani kwake. Yote mawili ni yeye."

Kesho yake Burhani alikwenda duka la simu, akampigia mama yake Unguja. Aliuliza majina ya watumwa wa lile shamba. Mama akasema alisikia mawili tu utotoni: Mabruki na Zafarani.

Burhani aliyaandika, akampelekea binti yake.

"Andika historia ya shamba letu," alimwambia. "Msikiti usiuache, na hawa usiwaache."

"Nianze na Babu mwenye shamba?"

"Hapana, mwanangu. Anza na hawa."