Sijambo ya Bibi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alikuwa na kazi tatu nyumbani: kujaza ndoo za maji, kutoa cherehani nje kwenye kivuli, na kumtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Pilipili ni jina la utani. Alipewa na watu wa mtaani kwa sababu ya ulimi wake, na hakuna aliyewahi kusema kwamba walimwonea.

Bibi alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga. Miaka miwili iliyopita daktari alimweleza kwamba moyo wake umedhoofika na hausukumi damu sawasawa. Akapewa vidonge na kadi ya kliniki. Lakini ukimwuliza hali yake, jibu lilikuwa lile lile: "Sijambo, mjukuu wangu. Sijambo kabisa."

Sijambo gani hiyo, jamani? Mtu hapandi ngazi nne za mlangoni bila kukaa katikati, halafu sijambo! Zamani alilalia mto mmoja, sasa analalia mitatu, na akilala chali anasema chumba hakina hewa. Miguu imevimba mpaka viatu vimemkataa, naye anavilaumu viatu.

"Vimesinyaa hivi," alisema asubuhi ya siku ya kwenda kliniki, akivaa kandambili. "Viatu vya siku hizi havina maana."

"Viatu havisinyai, bibi. Miguu yako imevimba!"

"Uzee huo. Mgonjwa ni yule seremala jirani yetu, mwezi wa pili huu hajainuka kitandani. Mimi nashona. Umeona wapi mgonjwa anashona? Tena siku hizi hata sihemi kama zamani."

"Utahema vipi na huendi popote? Maji nachota mimi, sokoni naenda mimi, nguo wateja wanakuletea hapa hapa!"

"Haya, basi. Mdomo huo utakuponza."

Pilipili alipokwenda kuchukua kadi ya kliniki, akakuta karatasi ya vidonge chini ya kadi. Vya juma zima vilikuwa havijaguswa. Damu ikamchemka. Kumbe bibi alikuwa akinywa dawa siku anazojisikia vibaya tu, na kwa kuwa kila siku alijiambia hajambo, vidonge vikakaa.

"Dawa ile inanipeleka msalani kila saa," bibi alijitetea. "Nitashona saa ngapi?"

Walifika kliniki saa tatu. Nesi aliyewapokea alikuwa na foleni ndefu, na macho yake hayakutoka kwenye faili.

"Habari za afya, mama?"

"Njema tu, mwanangu."

"Kifua?"

"Salama."

"Usingizi?"

"Nalala kama mtoto mchanga."

"Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

Kila jibu likapigwa alama ya vyema. Pilipili alitazama kalamu ile ikienda chini, vyema, vyema, vyema. Watu wawili wazima walikuwa wanasalimiana kana kwamba wamekutana njiani, na mmoja wao alikuwa anakufa!

"Haya, mama, tuonane baada ya miezi mitatu."

"Si kweli!" Pilipili alipiga kelele. "Bibi anasema uongo!"

Foleni nzima ikageuka. Bibi akamfinya mkono huku akimkata jicho.

"Msamehe, mwanangu," alimwambia nesi. "Huyu hana adabu."

"Mtoto mzuri haingilii mazungumzo ya wakubwa," nesi alisema.

"Kwa hiyo uongo ndiyo adabu?"

Mlango wa chumba cha pili ukafunguliwa. Daktari alitoka, mwanamke mfupi mwenye miwani, akauliza ni nani anayepiga kelele.

"Ni mimi, daktari," Pilipili alisema. Sauti ilimtetemeka lakini hakuishusha. Akaeleza yote: mito mitatu, kandambili, ngazi, vidonge vya juma zima, hata ile hoja ya seremala na ya kutohema.

"Anatia chumvi," nesi alisema. "Mama mwenyewe amesema hajambo."

Daktari hakubishana na mtu. Alimshika bibi mkono. "Njoo, mama, tutembee mimi na wewe mpaka mwisho wa ukumbi."

Bibi akajikaza kisabuni. Hatua ya kwanza, ya tano, ya kumi. Kabla ya kufika katikati alishika ukuta, mabega yakipanda na kushuka, na hata kusema "sijambo" hakuweza.

Walimkalisha. Daktari akamminya mguu kwa kidole gumba, na kidole kilipotoka shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Bibi alipopanda mizani, ilionekana ameongezeka kilo saba tangu kliniki iliyopita.

"Si unene huu, mama," daktari alisema. "Ni maji. Moyo umeshindwa kazi, maji yamejaa mpaka kwenye mapafu. Ungerudi nyumbani leo, sijui kama miezi mitatu ungeifikia."

Bibi akainamisha kichwa. "Nikisema naumwa, watu watapeleka sare zao kwa fundi mwingine," alisema polepole. "Na huyu mtoto nani atamlea?"

"Na ukifa, nani atanilea?" Pilipili aliuliza, na machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi yakamtoka.

Bibi alimvuta mjukuu wake, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Daktari alimgeukia nesi kwanza. "Wewe umemsalimu, hujampima. Mizani iko hapa mlangoni." Nesi alikubali kosa, akaomba radhi. Kisha daktari akavuta kiti karibu na bibi.

"Sijambo maana yake sina jambo. Ni salamu nzuri mkikutana njiani, lakini humu ndani, mama, tunataka hilo jambo lenyewe. Moyo ukidhoofika polepole, mwili unajizoeza. Leo unaacha ngazi, kesho unaacha soko, halafu unasema hata huhemi. Usijipime na seremala. Jilinganishe na wewe mwenyewe wa mwezi uliopita. Na dawa usingoje uumwe ndipo uinywe. Inywe usije ukaumwa. Ikikusumbua, njoo uniambie, tupange saa nyingine ya kuinywa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimesikia, daktari."

"Na wewe, binti. Kusema kweli umefanya jambo la maana. Ila mkubwa hatumwiti mwongo mbele za watu. Ungesema, 'Bibi amesahau kueleza habari za mito.'"

"Na kama wasingenisikiliza?"

Daktari alicheka. "Hapo ungepaza sauti."

Bibi alilazwa siku nane. Maji yakatolewa, miguu ikapungua, na saa ya dawa ikahamishiwa alfajiri kabla ya wateja kuja. Siku ya kutoka, Pilipili alibeba mkoba, wakashika njia ya nyumbani taratibu. Kwenye kona ya duka la saruji walipishana na mama mmoja aliyekuwa na haraka. Alimpungia bibi mkono, akamwuliza kwa sauti sare za wanawe zitakuwa tayari lini.

Bibi akasimama. Pilipili alimwona akifungua mdomo, akaufunga, kisha akaufungua tena.

"Juma hili sishoni, mwenzangu," bibi alisema. "Moyo wangu unaumwa. Nimechoka, ngoja kwanza nikae."

Akaketi juu ya mfuko wa saruji. Mteja akaacha haraka zake, akaketi naye.