Kilichonaswa na Nanga

Nanga ilipotokeza juu ya maji, mke wa Pavlos alipiga yowe lililowatoa watu wote kwenye mkahawa wa bandarini.

Kwenye makucha ya nanga lilining'inia turubai lililofungwa kwa kamba, limeota mwani. Lilikuwa limechanika ubavuni, na kwenye mpasuko huo fuvu la mtu lilikuwa likichungulia. Pavlos, mwalimu wa Thesaloniki aliyekuwa akizunguka visiwa na mkewe kwa mashua ya matanga, alibaki ameshika winchi ya kuvutia nanga, hapandishi wala hashushi.

Inspekta Areti Vrettou alifika kisiwani Agrilonisi mchana kwa boti ya polisi, akiwa na daktari wa uchunguzi wa maiti. Daktari alipiga magoti gatini.

"Mwanamume, kijana. Fuvu limevunjwa kwa nyuma. Huyu alipigwa. Na paja la kushoto lina chuma cha hospitali."

Nyuma ya utepe wa polisi minong'ono ilikatika. Kalliopi, mwenye mkahawa, akasogea na aproni yake, magamba ya samaki mikononi.

"Umesema chuma? Paja la kushoto?"

"Unamfahamu?"

"Haiwezekani. Anestis alikwenda zake na mwanamke mwingine."

Kisiwa kizima kilikijua kisa hicho. Anestis, aliyewahi kuvunjika paja hilo, alikuwa mchumba wake. Siku ya harusi, kondoo wamekwisha kuchinjwa, bwana harusi hakuonekana. Ikasemwa kwamba alfajiri alipanda mashua ya mtalii wa kike mwenye nywele za dhahabu. Tangu hapo, miaka kumi, Kalliopi alitema mate kila alipolisikia jina lile.

"Nani alimwona akipanda?" Inspekta aliuliza.

"Kaka yangu, Stamatis."

Inspekta akamgeukia Pavlos. "Kwa nini ulitia nanga kona ile?"

"Upepo ulinisukuma, afande. Na yule bwana anayepokea kamba za mashua alinitukana, acha tu! 'Toka hapo, we kipofu! Chini kuna mnyororo wa zamani, utakula hasara!'"

"Bwana yupi?"

Pavlos alinyoosha kidole. Stamatis alikuwa ameketi juu ya nyavu, anavuta sigara.

Mpiga mbizi wa polisi aliteremka. Aliibuka akitikisa kichwa.

"Mchanga mtupu, afande. Hakuna mnyororo."

Stamatis aliitwa ofisi ya bandari. Kalliopi aliingia bila kukaribishwa, wala Inspekta hakumzuia.

"Mnyororo uko wapi?"

"Labda umefukiwa na mchanga."

"Nani aliwahi kuuona?"

"Wazee... wa zamani."

"Wavuvi wanasema wamekusikia wewe tu. Ulianza kuutaja kiangazi kile cha harusi."

"Wavuvi waongo, kazi yao hiyo."

"Mashua ya yule mtalii ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Miaka yote umeniambia ya buluu," Kalliopi alisema.

Sigara ilimwangukia Stamatis miguuni.

"Kaka," Kalliopi alisema polepole. "Kaka, niangalie."

Hakumwangalia. Alizungumza na sakafu.

"Alikuja asubuhi ile tunywe kahawa. Akaniambia mkishaoana mnahamia Australia kwa mjomba wake. Mama kitandani, hasemi hageuki, na mimi niachwe naye? Nikamwambia, usimchukue dada yangu, ndiye niliye naye. Akacheka! Akasema, 'Tulia, shemeji, sijamaliza kukwambia.' Akainama kufunga kiatu. Nilikuwa na kasia mkononi."

"Kwa nini ulimzamisha hapo bandarini?" Inspekta aliuliza.

"Watu walikuwa wanaamka, ni siku ya harusi. Sikuweza kwenda mbali."

Afisa aliyekuwa akiandika maelezo alisimamisha kalamu. Kalliopi alikuwa ameegemea ukuta, rangi imemtoka.

"Hukumwacha amalize," alisema. "Tulikuwa tumewaombea nyote ruhusa ya kuhamia, wewe na mama. Mjomba alikwishakupatia kazi. Mimi ndiye niliyemtuma aje kukwambia, ufurahi kabla ya kanisani."

Stamatis alipiga ukelele kama mnyama, akajifunika uso. Askari wawili walilazimika kumshika ndipo apigwe pingu.

Inspekta alimgusa Kalliopi bega.

"Afande, mkimaliza uchunguzi, mtanipa mimi mifupa?"

"Wewe si mkewe kisheria."

"Kwetu mifupa ya marehemu huoshwa kwa divai kabla ya kuzikwa," Kalliopi alisema. "Nimemlaani miaka kumi. Niachieni nimwoshe."