Kisahani cha Mikono Iliyonawa

Kila asubuhi Chiriku alimshika mdogo wake mkono wakaenda shule kwa njia ya nyuma ya chuo kikuu, kando ya kuta za mawe zilizokuwapo kabla ya babu wa babu zao. Jina la Chiriku alipewa na bibi yake kwa kusema sana. Hata akipiga mswaki alikuwa anasimulia. Mama yao alifanya usafi katika ukumbi mkuu wa chuo, na wiki hiyo aliondoka nyumbani kabla hawajaamka. Wataalamu wa vijidudu wa nchi nzima walikuwa wanakuja kwenye kongamano la siku mbili, na kila kiti kilitakiwa king'ae.

"Watu mia tatu wanaoujua uchafu kuliko mimi," mama alilalamika. "Sakafu yangu wataitazama kwa darubini!"

Chiriku naye alikuwa na lake huko. Mwalimu wa sayansi alikuwa ameombwa alete jaribio la wanafunzi, na Chiriku, mwenyekiti wa klabu ya sayansi, ndiye angelieleza. Lilikuwa jaribio jepesi. Kulikuwa na visahani viwili vya jeli yenye chakula cha vijidudu. Kimoja alikigusa kwa vidole kabla ya kunawa. Cha pili alikigusa baada ya kunawa kwa sabuni na maji ya bomba la shule. Vikafungwa kwa utepe, vikawekwa stoo kwenye sanduku lenye joto, ili baada ya siku tatu vijidudu viwe vimeota na kuonekana kwa macho.

Jumatano baada ya vipindi, mwalimu alimpa ufunguo akatazame. Chiriku alifungua sanduku, moyo ukamlipuka. Kisahani cha kabla ya kunawa kilikuwa na madoa tisa tu. Cha baada ya kunawa kilikuwa kimejaa! Madoa ya kijivu, yenye utelezi, yamepandana mpaka ukingoni.

"Mungu wangu, nimekosea wapi?" alijiuliza. Akawaona wale watu mia tatu wakimcheka, na nafasi yake akipewa mwingine. Basi hakufikiri mara mbili. Alibandua karatasi za maelezo chini ya visahani, akazibadilisha.

"Vipi?" mwalimu aliuliza kutoka mlangoni.

"Vizuri, Mwalimu. Kama ulivyotufundisha." Hakuongeza neno, na hiyo haikuwa kawaida yake.

Alhamisi madawati manne yalikuwa matupu. Foleni ya chooni ilizunguka kona ya darasa. Jua lilikuwa kali, na wakati wa mapumziko watoto walijazana bombani wakinywa maji kwa viganja, mdogo wake akiwa miongoni mwao. Jioni mtoto yule alisukuma sahani yake.

"Dada, tumbo linanikata."

"Umekula nini huko?" mama aliuliza.

"Sijala kitu. Nimekunywa maji tu."

Chiriku alisikia, akajifanya hajasikia. Lakini usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu.

Ijumaa asubuhi mdogo wake hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yamezama na midomo imekauka. Baba alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati. "Wewe nenda, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Leo ni siku yako." Maneno hayo yalimchoma.

Ukumbini, wataalamu walipita meza hadi meza. Mwenyekiti wa kongamano, profesa mmoja mwanamke, mfupi, mwenye miwani ya kuning'inia, alisimama mbele ya visahani. Chiriku alieleza yote kama kasuku.

"Mlinawa kwa maji ya wapi?" profesa aliuliza.

"Ya bomba la shule. Yanatoka kwenye tangi lililochimbwa uani."

"Hongereni! Basi maji yenu hayana neno."

Mwalimu alishusha pumzi. "Afadhali, Profesa. Leo watoto kumi na tisa hawakufika, wote wanaumwa tumbo. Nilikuwa nimeanza kuyahofia hayo maji, lakini jaribio hili limenitoa wasiwasi."

Chiriku alikitazama kisahani kilichojaa. Sasa alielewa kwa nini kisahani kile kilijaa. Mama yake alikuwa amesimama pale ukutani na ufagio, akimtazama kwa fahari. Akisema, ataaibika mbele yao wote. Akinyamaza, watoto watakunywa tena.

"Si kweli," alisema. "Nilibadilisha karatasi. Kisahani kilichojaa ndicho cha mikono iliyonawa."

Profesa hakumkaripia. Alimgeukia mwalimu. "Mapumziko yao ni saa ngapi?"

"Saa nne."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasoro dakika saba. Mwalimu tayari alikuwa na simu sikioni, akipiga kelele: "Fungeni bomba! Mtu asinywe hata tone!" Mama aliketi kwenye kiti alichokuwa amekifuta, mkono mdomoni.

Wataalamu watatu walikwenda shuleni na chupa za kupimia. Waliukuta ufa kwenye tangi, upande wa vyoo, na maji machafu yakipenya polepole. Maji ya tangi yakamwagwa, na zahanati ikaarifiwa. Mdogo wake aliwekewa dripu, na kufikia jioni aliweza kuomba uji. Wiki iliyofuata watoto wote walikuwa wamepona, na shule ililetewa maji kwa gari mpaka tangi lilipojengwa upya.

Lakini kabla ya hapo, Jumamosi, siku ya pili ya kongamano, profesa alimtaka Chiriku aeleze jaribio upya jukwaani, karatasi zikiwa mahali pake, na aseme pia alichokifanya. Alisema huku akilia. Hakuna aliyecheka.

"Sikujua maana yake, Profesa," alisema aliposhuka. "Nilidhani jaribio limeharibika."

"Halikuharibika. Kisahani kilikuwa kinakupigia kelele tangu Jumatano, wewe ukakiziba mdomo, na watoto wakanywa yale maji siku nzima. Asiyejua maana ya jambo ndiye hapaswi kabisa kulificha. Hulipeleka kwa mwenye kujua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kimegonga mlango, kikaondoka. Usikipe nafasi ya kugonga tena."

Chiriku aliitikia kwa kichwa, akamwomba mama ruhusa, akaenda zahanati, alikokuwa bado amelazwa mdogo wake, kumwambia kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe.