Kengele Iliyogongwa Mara Tatu

Saa nne asubuhi kengele ya kuzamia iligongwa mara tatu, na ndani yake walikuwemo watu wawili.

Binti wa pampu aliweka kalamu chini. Kazi yake, juu ya jukwaa lililoelea kando ya nguzo ya daraja, ilikuwa kumpelekea kaka yake hewa. Kengele yenyewe ilikuwa kama sufuria kubwa ya chuma iliyofudikizwa hadi kitako cha mto. Hewa ya bomba iliyazuia maji yasipande, na humo kaka na mwashi waliziba nyufa za nguzo, wakipumzika kwenye benchi. Kila baada ya dakika tano kila mmoja aligonga ukuta mara moja, kaka kwa spana, mwashi kwa nyundo, na binti akasikia kwenye simu ya waya. Utaratibu huo aliubuni yeye, maana tangu kaka aanze kuzama, usingizi ulimpaa.

Pigo la tatu lilikuwa dogo. Ko. Kama kifundo cha kidole.

"Kaka, acheni utani. Nani kagonga mara mbili?"

"Hakuna, mdogo wangu. Moja yangu, moja yake."

Mwashi akacheka kwa nyuma. "Hata mke wangu hanihesabu hivi!" Kisha kicheko kikakatika. "Ndugu yangu... mbona benchi limelowa hapa katikati yetu?"

"Kuna harufu," kaka akanong'ona. "Kama nywele zinaungua."

"Nawapandisha sasa hivi."

"Haya. Natoka kwanza nichungulie nje ya ukingo, kama ulivyosema."

"Sijasema! Kaka, usitoke, sijasema hivyo!"

Simu ikajaa mlio wa maji. Pale jukwaani, mwendesha winchi ya kuvutia kengele alishika mkono wa mashine akamtazama binti, lakini kengele haikupandishwa kamwe kabla hesabu haijatimia, asije akaachwa mtu chini, kwa hiyo binti alisubiri, simu imemganda sikioni, akiomba, akihesabu pumzi zake mwenyewe, akisikia kitu kikiburuzwa juu ya chuma polepole kama mtu anayejipangia mahali pa kukaa, mpaka yakaja mapigo, moja, la pili, basi.

"Wawili!" alipiga kelele huku machozi yakimtoka. "Vuta!"

Kengele ikapanda ikichuruzika. Wakashuka wawili. Mwashi alikwenda kusimama mbali, nyundo kifuani, bila kumtazama mwenzake. Kaka alimkumbatia dada yake. Nywele za kaka zilinuka moshi.

"Spana yako iko wapi?"

Akatabasamu tu.

Ndipo binti alipoyakumbuka yale mapigo mawili. La kwanza lilikuwa la nyundo. La pili lilikuwa ko. Alihesabu, hakusikiliza.

Saa ya jukwaani ilitimiza dakika tano. Chini kabisa, kwenye jiwe la nguzo, spana iligonga mara moja.

"Usihesabu tena, mdogo wangu," kaka akamwambia sikioni, na sauti ilikuwa ya binti mwenyewe.