Mgongo wa Mshika Bendera

Haya yalimpata dada yangu Marit, hapa hapa Wisconsin, Jumapili mchana, tukiwa tumetoka kanisani na kushiba.

Shemeji yake, Wendell Haugen, alitualika kwenye chumba cha chini cha nyumba yake tuone kazi aliyoifanya majira yote ya baridi. Alikuwa ameujenga upya, ndani ya kompyuta, uwanja mdogo wa mbio za magari wa Kettle Bend, ambao siku hizi ni shamba la mahindi. Unakaa kwenye kiti, unashika usukani, unakanyaga pedali, na skrini inakupitisha kona zile zile za zamani.

Marit hakwenda kwa ajili ya mchezo. Mumewe, Lyle, mdogo wake Wendell, alifia kwenye uwanja huo, kwenye kona ya ghala, gari lilipoteleza juu ya oili iliyomwagika. Mshika bendera wa kona hiyo alikuwa Wendell mwenyewe. Miaka yote amesema aliipunga bendera ya manjano, ile ya kuonya hatari, Lyle akapuuza. Watu walimwamini. Marit hakumwamini, ila hakuwa na shahidi.

"Kaa, shemeji," Wendell alimwambia. "Usiogope, gari hili halili petroli."

"Na wewe usiniswage kama ng'ombe wako," Marit akajibu, akakaa.

Akaendesha taratibu. Wendell akatueleza kwamba wanaotengeneza viwanja hivi hawahangaiki na watu wa pembeni. Ni picha bapa, upande wa mbele tu. Nyuma hakuna kitu. Yule wa kona ya ghala alimtengeneza kwa picha yake mwenyewe ya ujana, bendera ikiwa juu.

Kona ya ghala ikafika. Mshika bendera alikuwa ametugeuzia mgongo.

Wendell akacheka kidogo, akasema ni hitilafu. Akamfuta yule mtu mbele ya macho yetu, akamwomba Marit azunguke tena.

Alikuwepo. Sasa alisimama karibu zaidi na lami. Mgongo vilevile. Bendera imekunjwa, iko kwapani.

Marit akasimamisha gari, akainamia skrini. Kwenye koti la yule mtu, chini ya bega, palikuwa na mpasuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu.

"Hapa nilishona mimi," alinong'ona. "Asubuhi ya siku ile. Uliuchora mgongo wako, Wendell?"

"Sikuuchora."

"Ulikuwa unatazama wapi?"

Tukasikia injini. Ilitoka nyuma yetu, ingawa uwanjani gari lilikuwa moja tu, nalo limesimama. Ikakaribia. Wendell akang'oa waya ukutani. Skrini ikazima. Injini haikuzima. Ikatupita. Ikakatika ghafla.

Wendell alikuwa ameketi kwenye ngazi, mikono kichwani.

"Upepo ulikuwa mkali," alisema polepole. "Niligeuka niwashe sigara. Sikuinua bendera, Marit. Lyle hakuona kitu."

Marit akaondoka kitini. Alisema hilo ndilo alilotaka kulisikia, basi.

Ndipo nikatazama chini. Juu ya saruji palikuwa na alama mbili nyeusi za matairi. Zilianzia ukutani, zikapinda kukizunguka kiti cha Marit, zikaishia miguuni pa Wendell.

Wendell amezisugua kwa sabuni na brashi ya chuma, hazitoki. Wiki iliyopita nilizigusa kwa kidole. Zilikuwa bado na joto.