Kisogezi cha Mama Atu

Jioni ile Dirisha la Anga liliwaka lenyewe ukutani, kama lilivyowaka katika kila nyumba ya jiji la Mbeya, likaonyesha Mwezi. Na si ule Mwezi wa kukodolea macho mpaka shingo iume. Mwezi umesogezwa hadi sebuleni, miamba yake inahesabika, hauna chembe ya ukungu. Dirisha hilo halikuwa kioo bali ukuta wenye akili. Lilipokea picha kutoka vyombo vya angani, likazipitisha kwenye mtambo ulioitwa Mchujo, na Mchujo ukafuta kila kilichoonekana si mahali pake.

"Habari za jioni," lilisema kwa ile sauti yake ya mhudumu wa hoteli. "Picha ya leo ni safi. Dosari zimeondolewa."

"Dosari ni wewe," alisema Tusekile, akalipita bila kuligeukia, bisibisi mkono mmoja na kidude chake mkono wa pili, akapanda ngazi kwenda juu ya paa.

Mama wa watu alikuwa na sababu. Miongoni mwa dosari zilizofutwa kila mwezi alikuwemo mtoto wake.

Atupele, binti yao wa pekee, alikuwa fundi wa paneli za jua katika kituo kimoja huko Mwezini. Kila mwezi, mstari unaotenga mchana na giza ulipofika kituoni kwao, alimaliza zamu kisha akainamisha paneli moja kuelekea nyumbani. Mwanga wa jua uligonga paneli ukaja hadi Mbeya, na mwenye darubini nzuri aliona nukta ikiwaka ukingoni mwa giza na kuzimika. Ya kwanza ilikuwa ya mama. Baada ya kitambo kidogo, ikaja ya baba. Ndivyo walivyopatana siku alipoondoka. Mchujo, pamoja na ujuzi wake wote, ulikuta nukta isiyo na maelezo ukaifuta kama mtu anayepangusa meza.

Ndiyo maana Tusekile na mumewe, Ambakisye, waliendelea kutunza juu ya paa darubini yao ya zamani ya vioo halisi, kitu ambacho majirani walikiona ushamba mtupu.

Darubini ile ilikuwa na usumbufu wake. Ili picha iwe kali, bomba dogo la kutazamia lazima lisogezwe ndani au nje kwa kuzungusha kirungu cha pembeni. Sasa chombo kinachokuza Mwezi mara mia mbili hukuza na mtetemo wa mkono mara mia mbili. Ukigusa tu, Mwezi wote unacheza ngoma. Tena macho ya watu hayafanani. Pale Tusekile alipoona vizuri, Ambakisye aliona ukungu. Miaka ya mwanzo ilikuwa vita.

"Umeiharibu tena, Mama Atu!"

"Niharibu nini? Wewe ndiye uliyeiacha hivyo!"

Wakimaliza kugombana, Mwezi umeshatoka kwenye kioo.

Lakini tangu Atu aondoke, mwaka wa pili sasa, Ambakisye hakugusa kirungu tena. Zamu yake ikifika aliinama, akatulia, akasema, "Nimemwona. Mzima kabisa." Tusekile alidhani uzee umemtia adabu. Na kwenye simu, Atu hakuacha kuuliza: "Baba, umeiona yangu?" "Nimeiona, mwanangu. Nzuri." "Nzuri tu?" "Nzuri sana." Basi binti akaingia kwenye habari nyingine.

Jioni hii ilikuwa ya mwisho. Kituo kilikuwa kinahamishiwa upande wa nyuma wa Mwezi, ule usioonekana kabisa kutoka duniani, na Atu alikuwa ametia saini kubaki huko kwa miaka. Simu zitaendelea. Mwanga, basi tena.

Kwa hiyo Tusekile aliapa kwamba leo hakuna mkono utakaogusa darubini. Kabla ya kustaafu alikuwa mhandisi wa magari ya kamba yanayopanda mlima Loleza, na mota haijawahi kumtisha. Alichukua mota ya roboti ya kufagia iliyokufa kwa kunywa uji, mkanda wa cherehani ya mama mkwe wake, na vitufe vilivyokuwa vikipandisha na kushusha kioo cha lori la Ambakisye, lile aliloendesha kutoka Tunduma hadi Dar kabla malori hayajajifunza kujiendesha na madereva wakarudishwa nyumbani na cheti cha shukrani. Vitufe vya lori vilisogeza bomba ndani na nje; kisha akaongeza ubongo mdogo wenye vitufe vyake viwili, wa kukumbuka alama mbili: kitufe chekundu kwa jicho lake, cheusi kwa jicho la mumewe. Ukibonyeza chako, bomba linakwenda lenyewe mahali pako, polepole, bila kutikisa kitu. Akakiita kisogezi, na akakipenda kama mtu anavyompenda kifaranga.

Jua lilikuwa bado juu kidogo na Mwezi umeshapanda, nusu yake nyeupe. Alifunga kisogezi, akaweka alama yake, akamwita mzee.

"Haya, njoo uweke na yako."

"Weka hiyo hiyo yako, inatosha."

"Inatosha nini? Nimevunja kucha zangu kwa kidude hiki, leo unaniambia inatosha? Njoo hapa, Baba Atu."

Ambakisye alikuja kwa mwendo wa mtu anayeitwa ofisini. Akainama, akabonyeza kitufe cha lori. Kisogezi kikanguruma, bomba likaingia ndani. Likazidi kuingia. Likagonga mwisho, mkanda wa cherehani ukateleza ukilia.

"Imekaa?" Tusekile aliuliza.

"Karibu."

"Karibu ya wapi? Bomba limeisha!"

Tusekile aliweka kidole gumba kati ya alama yake na pale bomba lilipokwama. Kidole kikaingia chote. Hapo akaelewa. Jicho linalohitaji bomba liende ndani kiasi kile, ukiliweka kwenye alama yake yeye, halioni nukta. Linaona uji mweupe.

"Niangalie," alisema.

Mzee akamwangalia. Jua la jioni lilimpiga usoni, na ndani ya mboni zake Tusekile akaona wingu jembamba la mtoto wa jicho. Macho aliyoyaona kila alipoamka!

"Tangu lini?"

"Kabla mtoto hajaondoka."

"Na ile ya mwezi jana?"

"Mama Atu, sijaona hata moja."

"Jamani! Si ungesema? Roboti za kliniki zinabadilisha lenzi asubuhi, mchana uko kwako!"

"Halafu wanakufunga jicho siku kadhaa. Kila nikitaka kwenda, nasema ngoja mwanga huu upite kwanza, nisije nikaukosa."

"Mwanga usiouona?"

"Ndiyo huo huo." Akacheka kidogo kwa aibu, kisha kicheko kikamkatikia. "Na ningekwambia, ungeiweka darubini kwa jicho langu na kunipa zamu yako. Nakujua mimi. Ungekaa pembeni unanishikia kiti, mwezi baada ya mwezi, usimwone mwanao. Nikasema bora mmoja wetu amwone."

Tusekile alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, asijue aanze na lipi. Akaokota bisibisi.

"Shika hii darubini. Isicheze."

Chini ya kisogezi kulikuwa na pete nene ya mbao ambayo yeye mwenyewe aliichonga ili kukiinua. Pete ikitoka, bomba litapata nafasi ya kuingia zaidi. Skrubu tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikaidi. Tusekile alisukuma, akatukana kwa Kinyakyusa, akasukuma tena, na Ambakisye aliishika darubini kwa mikono ile ile iliyoshika usukani miaka yote, haikutikisika hata kidogo. Jua likagusa milima. Skrubu ikalia, ikalegea.

Akafunga kisogezi upya, akaweka alama yake, akampisha mumewe. Mota ikanguruma, bomba likaingia, likapita pale lilipokuwa likikwama.

"Ee!" alisema Ambakisye.

"Nini?"

"Mashimo! Mama Atu, yana kingo!"

"Weka alama haraka. Na ubaki hapo hapo, utazame zote mbili."

"Umeona sasa?" alisema mzee. "Ndicho nilichokisema. Sogea kwenye zamu yako, mama."

Tusekile akabonyeza chekundu, akainama huku machozi yakimsumbua. Alisubiri. Ukingoni mwa giza nukta ikawaka, moja, safi, ikazimika. Mtoto wake. Kwaheri, mwanangu, akasema moyoni, akajitoa upesi na kubonyeza cheusi. Bomba likasogea lenyewe. Mwezi haukutikisika.

Ambakisye akainama. Tusekile akasubiri yale maneno ya siku zote, Nimemwona, mzima kabisa. Hayakuja. Badala yake mzee alifanya kitu kwa midomo, polepole, kama mtoto anayecheza gari.

"Pi. Pi. Piiiii."

"Unasemaje?"

"Siyo nukta moja. Mbili fupi, moja ndefu." Hakuinua kichwa. "Hiyo ni honi yangu."

Tusekile aliijua honi ile. Kila lori liliporudi safari, kwenye kona ya kuingilia mtaani kwao, mbili fupi na moja ndefu, na Atu mdogo aliacha chochote alichoshika, hata kijiko cha chakula, akakimbia peku kumfungulia baba geti. Hakumruhusu mtu mwingine alifungue.

Ambakisye akaketi juu ya sakafu ya paa. Alilia waziwazi, bila kujificha.

"Amenipigia honi muda wote huu, Mama Atu. Kila mwezi. Na mimi sijamfungulia geti."

Tusekile akaketi kando yake, akamshika mkono. Kutoka chini Dirisha lilitangaza kwamba dosari zimeondolewa. Halafu simu ikalia, na jina la Atupele likawaka. Tusekile akampa mzee simu.

"Baba?" Sauti ilitoka mbali, ikiwa imechelewa kidogo kama kawaida ya Mwezini. "Umeiona yangu?"

Ambakisye akajifuta pua kwa kiganja.

"Nisamehe, mwanangu, nilichelewa kusikia honi," alisema. "Pita ndani. Geti liko wazi."

Kisha Tusekile akasikia, kutoka huko mbali, binti yao akicheka na kulia kwa pamoja, akiita baba, baba, kama alivyokuwa akiita zamani anapokimbia peku uani.